Chungu cha Mwenyeji, Kombe la Mgeni

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa tawi, Ng'ambo, mjini Unguja, mbele ya wanachama, kina mama wa mtaa na vijana wa skuli.)



Mmezoea kutuona tumesimama hapa kwa khabari za kadi, ada na mikutano. Leo twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya vyombo: mabakuli, makombe, vyungu na mitungi. Tumewasikia wengine mlangoni wakisema, "Leo mwalimu kaja kuhesabu sahani." Naam, tumekuja kuzihesabu. Kwani katika sahani hizo imo khabari yetu, na watu wengine wamekwisha kuihadithia kwa namna yao, huku sisi twaziosha na kuzianika tu.

Tuanze na kisa. Tulipokuwa chuoni tukisomea ualimu, mwalimu wetu mmoja aliingia darasani na kifuko cha kitambaa, akamwaga vigae juu ya meza. Alipewa na fundi aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba upande wa kusini wa kisiwa. Kimoja kilikuwa cheupe chenye ua la buluu. Cha pili kilikuwa cha rangi ya maji ya bahari, kinang'aa. Vilivyobaki, na ndivyo vilivyokuwa vingi, vilikuwa vya udongo wa kahawia na weusi wa moshi, vina mikwaruzo ya pembe tatu kandokando ya mdomo. Akatuuliza, "Vyombo hivi kavifanya nani?" Tukajibu mbio: kile cheupe cha Mchina, kile cha kijani cha Muajemi. Akanyoosha kidole kwenye vile vyeusi. Darasa zima kimya. Mwisho mmoja wetu akasema, "Hivyo takataka, mwalimu." Mwalimu akamtazama, akamwambia, "Hivyo ni vya bibi yako."

Ndugu zetu, tangu siku ile maneno hayo hayajatutoka. Tulikuwa vijana thelathini, tunajitayarisha kwenda kufundisha watoto wa nchi hii, na tulijua alichofanya Mchina na alichofanya Muajemi, lakini alichofanya bibi yetu tulikiita takataka.

Basi tuangalie mambo yalivyo. Nendeni Unguja Ukuu, kule kusini. Hapo palikuwa na bandari kubwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wataalamu wamepachimba mara kadhaa, na miongoni mwao ni Mzanzibari mwenzetu, Abdurahman Juma, aliyechimba hapo katika miaka ya 1990 na kuandika kitabu juu yake. Ardhini wamekuta vigae vya mitungi ya buluu ya kijani iliyotoka pande za Iraki na Uajemi, vigae vya Kichina, na shanga za kioo. Hayo hayana shaka. Lakini vilivyo vingi kupita vyote ni vile vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapa hapa. Tena namna ya vyungu hivyo, pamoja na mikwaruzo yake ya pembe tatu, imekutwa tangu visiwa vya Lamu mpaka Kilwa na Komoro, na hata bara, katika vijiji vilivyo mbali na bahari. Maana yake ni nini? Maana yake ni kuwa waliopika katika mji ule walikuwa watu wa pwani hii na bara hii. Kombe la Kiajemi lilipofika, lilikuta jiko limewashwa.

Zamani haikusemwa hivyo. Katika vitabu vingi vya wakati wa ukoloni tuliambiwa kuwa miji yetu ya mawe ilijengwa na wageni, nasi tulikuwa watazamaji. Na ushahidi ulioletwa mara nyingi ulikuwa ni vyombo: tazameni, bakuli la Kichina, sahani ya Kiajemi, basi hapa walikaa watu wa nje. Mwaka 1955 alipita pwani ya Tanganyika mtaalamu mashuhuri wa Kiingereza, Mortimer Wheeler. Akastaajabu kwa wingi wa vigae vya kaure alivyoviona baina ya Dar es Salaam na Kilwa, akasema kuwa khabari ya nchi ile tangu karne ya 10, hiyo iliyozikwa ardhini, imeandikwa kwa kaure ya Kichina. Hatumlaumu, kigae cha kaure ni kama muhuri wa tarehe, na mchimbaji hukipenda kwa sababu hiyo. Lakini muhuri wa posta si barua. Barua yenyewe ilikuwa ni chungu, na kwa muda mrefu wachache tu walijali kuisoma.

Sasa asije mtu akadhani twawachukia wageni hao wa kaure. Hata kidogo. Lugha yetu yenyewe imekwisha kuyapatanisha mambo haya: jahazi twaliita chombo, na bakuli twaliita chombo. Chombo kilileta chombo. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, iligunduliwa jahazi iliyozama zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ndani yake mlikuwa na vyombo kama 60,000, vingi vyao mabakuli ya Changsha, nchini Uchina, na bakuli moja limeandikwa tarehe iliyo sawa na mwaka 826. Mbao za jahazi hiyo zilishonwa kwa kamba, kama mtepe wetu. Na vigae vya mabakuli ya Changsha vimekutwa katika pwani yetu pia. Ndiyo kusema bahari hii ilikuwa njia kuu, na sisi tulikuwa na baraza yetu kando ya njia hiyo, tukinunua na kuuza kama wengine.

Na wengine nao, mabwana, waliazimana bila kuona haya. Katika karne ya 9 wafinyanzi wa Basra waliona vyombo vyeupe vya Kichina wakavipenda, wakaviiga kwa udongo wao, wakatia juu yake maua ya buluu. Katika karne ya 14 Wachina wa Jingdezhen walichora vyombo vyao kwa buluu iliyotoka Uajemi. Katika karne ya 17 Waholanzi wa Delft nao wakawaiga Wachina. Je, yuko mtu asemaye kuwa Wachina hawana lao kwa sababu buluu yao ilitoka Uajemi? Hayuko.

Tena tuwape mfano ulio karibu zaidi na shauri letu. Katika nchi ya Italia, mji wa Pisa, mafundi wa kale waliojenga makanisa walipachika mabakuli ya rangi katika kuta za nje. Mabakuli mengi hayo yalitoka nchi za Kiislamu, kama Tunisia na Misri. Kanisa la San Piero a Grado, karibu na Pisa, lajulikana kwa hayo. Wapisa walikuwa mabaharia na wafanya biashara. Waliyapata mabakuli, wakayaona mazuri, wakapambia nyumba za ibada. Hatujasikia kitabu kisemacho kuwa Pisa ilijengwa na watu wa Tunisia.

Sasa rudini kwetu. Kilwa Kisiwani, katika Msikiti Mdogo wa Kuba, wazee wetu walipachika mabakuli ndani ya kuba zake. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini ya Malindi, walipachika mabakuli ya Kichina katika nguzo za makaburi. Jambo lile lile la Pisa! Fundi alikata jiwe la matumbawe, akachoma chokaa, akapiga lipu, na lipu ikiwa bado mbichi akalitia bakuli mahali alipopachagua yeye. Lakini Mpisa aliitwa fundi, na wetu akaitwa mgeni. Ndugu zetu, tofauti hiyo haikutoka katika ukuta. Ilitoka katika kalamu ya mwandishi.

Lakini, na hapa tusikasirike, kosa jengine ni letu wenyewe. Mabakuli ya Pisa sasa yamewekwa katika jumba la makumbusho la mji ule ule. Ya Kunduchi mengi yameng'olewa; mmebaki mashimo ya mviringo katika nguzo, kama macho yaliyotolewa. Aliyeyang'oa hakuwa gavana peke yake. Wengine walikuja na patasi usiku, na wengine waliwaonyesha njia.

Na hapa mjini kwetu? Bi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886 alieleza vyumba vya wakati wake, vyenye vidaka ukutani vilivyopangwa vyombo vya kioo na kaure. Wengi wenu mmeviona vidaka hivyo katika nyumba za Mji Mkongwe. Mtu aweza kusema, "Hayo ni mambo ya majumba ya wakubwa, sisi watu wa Ng'ambo na mashamba yatuhusu nini?" Tumjibu. Wataalamu waliochimba katika mashamba ya karafuu wamekuta vigae vya mabakuli ya maua yaliyotoka viwanda vya Ulaya katika karne ya 19, khasa Maastricht, Uholanzi, na hawakuvikuta penye nyumba za wenye mashamba tu. Utumwa ulipigwa marufuku hapa mwaka 1897. Mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuhesabiwa kuwa mali, siku alipopata chake na akanunua bakuli lenye ua, akalitundika ukutani, alikuwa anasema neno, hata kama hakujua kuandika.

Hapa twaomba tuseme la nyumbani kwetu. Bibi yetu mzaa mama alikuwa na kombe kubwa la maua, alilorithi kwa mama yake. Halikuwa la wali. Mtoto akipata homa, au mwanamke akiwa na uzito wa uchungu, mwalimu wa chuo aliletwa, akaandika aya ndani yake kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Nusu ya mtaa wetu walikunywa katika kombe lile. Mwaka mmoja paa lilivuja, fedha hapana, na mjomba wetu akaliuza kwa mtu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Lilimpatia mabati matano.

Miaka ikapita. Siku moja tukaliona dukani, Mji Mkongwe, nyuma ya kioo. Tulilijua kwa pengo lake ukingoni, dogo kama ukucha. Karatasi iliyobandikwa ilisema ni sahani ya kale ya Kiarabu. Tukamwomba mwenye duka atugeuzie. Chini yake palikuwa na muhuri wa kiwanda cha Maastricht. Basi karatasi ilisema Mwarabu, muhuri ulisema Mholanzi, na hapakuwa na mahali popote palipoandikwa jina la yule mama aliyelinunua kwa fedha ya kuchuma karafuu, wala majina ya watoto walionywea. Bei yake ilikuwa yatosha kuezeka paa zima. Tulirudi nyumbani, na bibi tulipomwamkia hatukumwambia. Ni mkongwe sasa, na bado huuliza mara moja moja, "Kombe la mama liko wapi?"

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatuwezi kumlaumu mjomba. Mvua haingoji makumbusho. Wala tusidhani kuwa serikali na majumba makubwa yatatutunzia kila kitu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 na baadaye kuwa jumba la makumbusho, sehemu yake ilibomoka tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi wawili wakafa. Kumbukumbu ya watu haiwezi kukaa katika jumba moja.

Kwa hivyo twawaombeni mambo matatu.

La kwanza: chombo cha zamani kikikulazimu kukiuza, waulize jamaa kwanza, na kabla ya kukitoa andika kilikuwa cha nani, kilinunuliwa wapi, na kilifanya kazi gani. Mnunuzi aondoke na kaure. Khabari yake ibaki kwetu.

La pili: ukichimba msingi au kisima, Unguja Ukuu, Mkokotoni, Tumbatu au popote, ukakuta vigae, usivizoe wala usiviuze. Kigae kikitolewa mahali pake huwa kama neno lililokatwa katika barua. Mwambie sheha, na khabari ifike kwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.

La tatu, na hili ni lenu vijana: waulizeni bibi zenu majina. Mkungu ni nini? Chano je? Kibia, chetezo, mrashi, tasa, kasiki? Wengi wenu hamjui, na sisi walimu wengine twajua nusu tu. Tena mkimkuta mama anayefinyanga vyungu bado, mnunulieni, mkae mtazame mikono yake. Anafanya bila gurudumu kazi iliyoanza kabla ya mji huu kuwa na ukuta hata mmoja wa mawe.

Daftari liko hapa mezani kwa Katibu, na kalamu iko. Mstari wa kwanza tumekwisha kuuandika: kombe moja la maua, lenye pengo ukingoni, mali ya bibi yetu. Mama zetu, mstari wa pili ni wenu. Nani ataanza?