Kuhesabu Gharama ya Mnara

(Hotuba iliyotolewa katika sikukuu ya Jubilei ya miaka 100 ya usharika)



Wengine wamesimulia miaka 100 iliyopita. Mimi nimeombwa niseme neno juu ya ile ijayo. Tangu utoto wangu tumesikia habari za makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, hapa hapa wilayani Ludewa. Vijana wetu wanangojea ajira. Wazee wanaulizana juu ya mashamba na makaburi. Mimi si mhandisi. Lakini nilijaliwa kuutembelea mtaa mmoja ambao makaa ya mawe yaliuzaa, yakaulea, kisha yakauacha.

Mtaa huo ni Katernberg, mjini Essen, nchini Ujerumani. Hapo kale palikuwa mashamba. Mwaka 1847 Franz Haniel alianzisha mgodi wa Zollverein, na mwaka 1851 makaa yakaanza kutolewa. Watu wakamiminika katika eneo lote la Ruhr, wengi wao kutoka Prussia Mashariki. Miongoni mwao walikuwamo Wamasuria, Waprotestanti waliosali kwa lugha yao iliyo karibu na Kipolandi. Kampuni za migodi zikawajengea nyumba zenye bustani na banda dogo. Mbuzi aliyefugwa humo aliitwa ng'ombe wa mchimbaji. Nao washarika wa Katernberg walijenga kanisa kubwa, ambalo watu hulitaja mpaka leo kuwa kanisa kuu la wachimbaji.

Mwaka 1932 ulikamilika mnara wa shimo la 12, wenye urefu wa mita 55. Chini yake zilitoka tani 12,000 za makaa kwa siku. Makaa hayo yaliyeyusha chuma, yakalisha jamaa nyingi, yakasomesha watoto. Mkate ule ulikuwa mkate wa kweli; tusiudharau.

Lakini tarehe 23 Desemba 1986, watu wakijiandaa kwa Krismasi, mgodi ulifungwa. Mwaka 1993 matanuri nayo yakazimika. Mwaka 2001 majengo yaliwekwa katika Urithi wa Dunia, na wageni huja kuyatazama. Mnara ungalipo, ajira ile haipo.

Tena liko deni lisiloonekana. Kwa kuwa ardhi ilichimbwa chini, ilididimia, mahali pengine kwa mita nyingi. Pampu zisipovuta maji usiku na mchana, sehemu kubwa za nchi ile zitageuka ziwa. Mgodi wa mwisho wa makaa hayo nchini humo ulifungwa mwaka 2018, lakini kazi ya kuvuta maji haina mwisho. Mto Emscher nao ulifanywa mfereji wa maji machafu, maana mabomba ya chini yangevunjwa na ardhi inayoshuka. Kazi ya kuusafisha ilianza mwaka 1992, na uchafu ulikoma kutiririka humo mwishoni mwa mwaka 2021. Babu alikula mkate, mjukuu analipa.

Wapendwa, sisemi tukatae makaa. Bwana wetu, katika Luka 14, alimsifu mtu aketiye kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Basi tuketi mapema. Tuulize: ni nani atakayeyatunza maji yetu mgodi utakapofungwa? Fedha hiyo itawekwa akiba tangu siku ya kwanza? Kijana wetu atajifunza ufundi gani utakaomfaa hata baada ya makaa? Na wageni watakaokuja kutafuta kazi, je, watakuta benchi lenye nafasi kanisani mwetu, na sala katika lugha wanayoielewa?

Wazee wetu waliopanda miti kuzunguka kanisa hili hawakukaa kivulini mwake, tumekaa sisi. Miaka 100 ijayo, watakaosoma kitabu hiki wasikute tumewaachia pampu za kuendesha. Wakute kivuli.

Mungu awabariki. Amina.