Maswali Kumi Kando ya Kitanda



Mwaka 1972 Hodkinson, daktari wa Uingereza, alichapisha kipimo cha maswali 10 cha kutambua wazee wenye dalili za dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mgonjwa huulizwa umri wake, mwaka wa Vita Kuu ya Kwanza, jina la mfalme au malkia, kisha ahesabu kinyumenyume kutoka 20 hadi 1. Mpeni maswali hayo bibi wa Machame, Kilimanjaro, ambaye hakupelekwa shule. Atakayoyakosa yatatuonyesha alivyonyimwa shule. Kuhusu ubongo wake tutabaki gizani.

Ndiyo maana nauheshimu sana mradi wa IDEA, wa kutambua dimensia kwa wazee, uliofanyika wilayani Hai, hukohuko Kilimanjaro. Kipimo chake kina alama 15. Mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hueleza daraja ni nini, hukumbuka maneno aliyosomewa, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Asiyewahi kushika kalamu anaweza kuyafanya hayo yote.

Wodini, hata hivyo, kuna mtego mwingine. Mzee mwenye nimonia, au aliyeishiwa maji mwilini, huweza kuchanganyikiwa kwa saa chache tu: asubuhi anakutambua, jioni anakuita kwa jina la marehemu ndugu yake. Hiyo ni deliriamu. Dimensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Maswali peke yake hayazitenganishi hali hizi mbili. Anayejua ni binti aliyemleta, aulizwe kwanza: “Kabla ya homa hii, mama alikuwaje?”

Sasa tufanye hesabu. Tuseme wodini kuna wazee 100, na 20 kati yao wana dimensia kweli. Kipimo kinawanasa asilimia 80 ya wagonjwa na kuwaachia huru asilimia 80 ya wasio nayo. Kitanasa 16, kitapoteza 4, na kitawatia doa wengine 16 wasio na ugonjwa. Nusu ya watakaoambiwa wana dalili hawana dimensia! Kipelekeni kijijini, ambako tuseme ni 5 tu katika 100: kitanasa 4 na kuwasingizia 19. Kipimo ni kilekile.

Na hesabu hizo zina sharti ambalo watafiti wengi hulipita haraka. Wakichunguzwa kikamilifu wale tu walioshindwa maswali, wale 4 waliopenya hawataonekana kamwe, na kipimo kitasifiwa kwamba hakimkosi mgonjwa yeyote. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wangu: baadhi ya waliofaulu nao wachaguliwe kwa kura, wachunguzwe na daktari asiyejua alama zao. Kisha, wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa, homa ikiwa imekwisha, mfuateni mzee nyumbani, mkae naye chini ya migomba yake, mmuulize tena leo ni siku gani.