Malezi ya Akili Kabla ya Chuo Kikuu



Ada ya mhadhara wa namna hii ni mwenye kukabidhiwa kiti kipya cha uprofesa kuieleza ilimu yake na mipaka yake. Nami, kwa kuwa kazi niliyokabidhiwa ni kuwafundisha walimu, naona haki ya kwanza ya hadhira hii ni kulijibu swali ambalo kila mzazi hulilipia karo lakini ni nadra kulisikia likijibiwa, nalo ni hili: ni kitu gani hasa kimtayarishacho kijana kwa chuo kikuu? Jibu lililozoeleka ni alama. Kijana akizipata katika mtihani wa Kidato cha Nne hapa kwetu Kenya, au wa Kidato cha Sita kwa ndugu zetu wa Tanzania, husemwa kuwa yu tayari. Akizikosa, husemwa kuwa chuo hakikuandikiwa yeye. Mitihani siidharau, maana pasipo kipimo kimoja cha watu wote nafasi zingegawiwa kwa majina ya koo. Lakini nitashikilia usiku huu ya kwamba alama humfikisha kijana chuoni tu, na kwamba kimwezeshacho kukaa humo kwa manufaa ni mazoea ya kufikiri mwenyewe, mazoea ambayo ni wachache mno waliopata kuyajenga bila ya mtu mzima wa kuwalea kwayo.

Natuyaangalie kwanza yanayomngoja kijana huko chuoni. Mwanafunzi aliyezoea kuandikishwa nukuu, kuzihifadhi, na kumrejeshea mtahini kama alivyozipokea, hufika chuoni akamkuta mhadhiri anayesema saa nzima pasipo kuandikisha, akavitaja vitabu vitano ambavyo viwili kati yake vyapingana, kisha akaenda zake. Baada ya siku chache huja semina, na swali la semina halina jibu lililopigwa chapa mwishoni mwa kitabu. Hapo ndipo wengi hukimbilia yale ambayo wanafunzi wa Dar es Salaam huyaita madesa, yaani nukuu zilizoachwa na waliotangulia. Wala hawafanyi hivyo kwa uvivu, kwa kuwa wengi wao ni watu wa kukesha, ila katika miaka yote ya skuli hakutokea aliyewauliza wao wenyewe waonaje, akangoja wajibu, kisha akawauliza tena: kwa dalili gani?

Mfano nitautwaa katika mji huu wetu wa Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Lakini kabla ya kuupata ukadhi huo alikwisha kuwa mwalimu wa umma kwa kalamu yake. Mwaka 1930 alitoa gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, ambamo aliwahimiza Waislamu wa pwani waziendee ilimu za zama mpya pasipo kuitupa dini yao, na wasishike jambo kwa taklidi tupu, yaani kufuata bila ya dalili, likiwa limetoka kwa wazee au limetoka Ulaya. Katika nyumba ya mtu huyo ndimo alimozaliwa, mwaka 1933, mwanawe Ali. Baba alipofariki, mtoto alikuwa na miaka 14. Akafanya mtihani wa Cambridge, akaambulia daraja ya tatu, na Chuo cha Makerere, Uganda, hakikumpokea.

Kwa kipimo cha alama, habari yake iliishia hapo. Akapata kazi ndogo katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na katika sherehe moja ya Maulidi akasimama kuhutubu mbele ya hadhira iliyokuwa na Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana akapendezwa na hotuba ile, akataka kuzungumza na kijana, na kutokana na mazungumzo hayo njia ya kwenda kusoma Uingereza ikaanza kufunguka. Mwaka 1955 yu Huddersfield, akiyakamilisha masomo ya sekondari; mwaka 1960 ana shahada ya Manchester; mwaka 1961 ya Columbia, New York; na mwaka 1966 udaktari wa Oxford. Makerere, iliyomkataa akiwa mwanafunzi, ikampa uprofesa wa ilimu ya siasa, na huko ndiko alikojadiliana hadharani mwaka 1970 na Walter Rodney wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mabingwa wawili wasioafikiana, kila mmoja akimtaka mwenziwe hoja.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kuwa ni kisa cha bahati, na hutumiwa kuwaliwaza walioshindwa mtihani. Mimi nakisoma vingine. Gavana alifungua njia. Kufikiri hakumfundisha yeye, wala hangalikuwa na la kusikia siku ile lau kijana hangalikulia katika nyumba ambayo rai ilidaiwa sababu zake. Tena natujiulize ni vijana wangapi wa zama zile zile, wenye akili kama yake na daraja kama yake, waliohutubu siku ambazo Gavana hakuja. Umma unaoyaacha malezi ya akili yategemee ni nani aliyeketi safu ya mbele hupoteza watu wake bila hata ya kuwajua, na kwa hiyo lililomtokea Ali Mazrui kwa nadra yatupasa tulifanye kuwa utaratibu.

Basi mlezi wa akili hufanya nini? Kuandika barua ya kumsifu kijana ni kazi ya mfadhili, nayo ni kazi njema. Ya mlezi huanza mapema zaidi. Fundi wa majahazi hamwandikii mwanagenzi wake majina ya mbao akayahifadhi. Humweka kando yake, amwone akilikataa taruma moja na kulichagua jingine, kisha humwambia sababu. Ndivyo mwalimu apaswavyo kufikiri kwa sauti mbele ya wanafunzi wake, na hata kusitasita mbele yao, ili wajue kuwa rai hujengwa na haishuki imekwisha kamilika. Humpa kijana maandiko mawili yanayopingana juu ya jambo moja. Huisoma insha yake, na badala ya kuisahihisha yote humrudishia na maswali matatu. Na mwisho, lililo zito kuliko yote, humruhusu amkhalifu, madhali ana hoja.

Najua wako watakaosema kwamba malezi haya yatawaondolea watoto wetu adabu. Historia ya ilimu ya pwani yenyewe yawajibu. Sheikh Al-Amin alisoma kwa wanavyuoni wakubwa wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, kisha akayasoma na ya wanamageuzi wa Misri, akatofautiana na mengi yaliyokuwa mazoea ya watu wa zama zake, na heshima ya walimu wake isipungue. Mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alikuwa mkali wa kuyapinga aliyoyaona kuwa ni uzushi; na yeye huyo ndiye aliyeandika kitabu kizima cha kuzihifadhi sira za wanavyuoni waliomtangulia. Adabu na uhuru wa fikra vilikaa katika kifua kimoja. Naye Mwalimu Nyerere, aliyefundisha darasani Tabora na Pugu kabla ya kushika nchi, alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, aliitaka shule imjenge mtu mwenye kudadisi, awezaye kujifunza kwa wengine akachukua limfaalo na kulikataa lisilomfaa; na hayo aliyataka ndani ya waraka ule ule uliohubiri ushirikiano.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani atamlea nani? Hatawalea wote peke yake, wala hatumdai hivyo. Shule iweke saa moja kwa juma ya mjadala, ambamo kijana hupangiwa kuutetea upande asioupenda. Iwaalike wanafunzi wake wa zamani walioko vyuoni waje wakati wa likizo wawaeleze wadogo zao semina ni kitu gani. Na iwatafute wakutubi, makadhi, wauguzi na mafundi wa mtaa wake, kwa kuwa anayeijua kazi yake na sababu zake aweza kumlea kijana hata kama hana shahada.

Wazazi, mtoto akiuliza kwa nini, msimjibu kuwa ndivyo ilivyo. Walimu, mpeni mwanafunzi swali moja kwa juma ambalo nanyi hamjalimaliza. Na nyinyi vijana, mlezi hatafutwi kwa kusifiwa naye; mtafuteni yule ambaye mkitoka kwake mna kazi kubwa kuliko mliyoingia nayo. Mtakapofika hapa, msikubali neno kwa sababu limesemwa na mhadhiri, hata akiwa mimi. Nidaini dalili, nami nitawadai zenu. Usiku huu nimedai mengi, na baadhi yake yaweza kupingwa. Muda wa maswali umewadia: anzeni.