Ngiri ya Kinena: Usingoje Kamera

Msikilizaji, kupasua ngiri kwa matundu madogo kuna faida za kweli: kamera hupitishwa kwenye tundu la takriban sentimita 1, wavu wa kuziba sehemu dhaifu huwekwa kwa ndani, maumivu hupungua na mgonjwa huwahi kurudi kazini. Lakini njia hiyo inahitaji dawa ya usingizi na daktari aliyebobea. Je, asiyeipata asubiri? Nasema hapana. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia kwa mwaka mmoja wanaume waliopasuliwa kwa njia ya kawaida. Ulionyesha kwamba hata wavu wa kitambaa cha chandarua, uliotakaswa vijidudu, haukuzidiwa na ule wa bei ghali. Lakini uvimbe wa ngiri ukigoma kurudi ndani, ukauma na kukutapisha, wahi hospitali saa hiyo hiyo.