Kidonda cha Kisukari Hakiponi kwa Bandeji Peke Yake

Mpenzi msikilizaji, wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Leo nazungumza na wenye kisukari, na sisi tunaowauguza majumbani, maana swali linalonifikia mara kwa mara ni hili: kidonda cha mguu kifungwe kwa kitu gani?

Wapo wanaosema kiachwe wazi kipigwe na upepo. Hapana. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa majaribio ya nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi upesi karibu mara mbili kuliko lililoachwa likauke.

Basi kanuni ni hii. Kidonda kinachotoa majimaji mengi kinataka kitambaa cha kunyonya. Kilicho kikavu kinataka cha kutunza unyevu. Kitambaa kisigande kwenye nyama, wala kisimalize fedha ya chakula. Asali je? Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2023 unashauri isitumiwe kuponyesha vidonda hivi, na dawa za mitishamba vilevile. Shashi safi, ikibadilishwa kwa wakati, si tiba ya kimaskini.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Kisukari hutia nyayo ganzi. Mgonjwa hasikii maumivu, kwa hiyo hukikanyaga kidonda hadi sokoni, hadi kituo cha basi, na kila hatua huponda nyama changa iliyoota usiku. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wenye ukoma huko Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, aliona vidonda vya miguu yenye ganzi vikipona ndani ya plasta ngumu, kama ile ya aliyevunjika mfupa. Plasta haikuwa na dawa yoyote; ilikiondolea kidonda uzito wa mwili. Elimu hiyo leo ni nguzo ya kutibu mguu wa kisukari.

Ndiyo maana nawashangaa jamaa wanaochanga kununua bandeji ya bei ghali, kisha wakamwacha mzee aende kwa miguu kuibadilisha. Sehemu ya mchango huo ingelipa nauli, na nyingine ingemnunulia kiatu alichoelekezwa na kliniki.

Ukifika kliniki, uliza pia: damu inafika mguuni? Nitakiondoleaje kidonda uzito? Sukari yangu imeshuka? Na ukiona kidole kimegeuka cheusi, mguu unanuka, wekundu unapanda au homa imeingia, usifunge bandeji ukasubiri Jumatatu. Nenda siku hiyo hiyo.

Mguu ukishakatwa, msikilizaji wangu, hakuna bandeji ya kuurudisha. Hadi juma lijalo, kwaherini.