Mpiga Kura, Simu na Chimbuko la Habari

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya elimu ya uraia. Yamechapishwa hapa ili wakazi ambao hawakuhudhuria nao wanufaike.



Wakenya walipiga kura Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022. Matokeo ya urais yalitangazwa Jumatatu iliyofuata, tarehe 15. Katika siku hizo za kungoja, ilikuwa vigumu kupita kibanda cha chai bila kuona watu wameinamia simu. Jirani mmoja alikuwa na jumla iliyoonyesha mgombea wake akiongoza. Jirani wa pili, kwenye meza hiyo hiyo, alikuwa na jumla iliyomweka mpinzani mbele. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anadanganywa. Chai ilipoa, sauti zikapanda.

Huenda wote wawili walikuwa na takwimu sahihi. Mwaka huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti ya umma. Hizo ndizo fomu za matokeo ya urais kutoka kila kituo cha kupigia kura, na mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuzifungua. Vyombo vya habari vikaanza kuzisoma na kujumlisha. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000, na kila chombo kilianza na fomu zake. Kilichotangulia kusoma fomu za ngome ya mgombea mmoja kilimwonyesha huyo mbele, na kilichoanzia kwingine kikaonyesha tofauti. Hitilafu ile ilitokana na utaratibu wa kujumlisha, wala haikuwa ushahidi wa wizi. Aliyetazama jumla peke yake hakuweza kulijua hilo. Aliyefungua fomu na kuuliza ngapi zimesomwa, alilijua.

Funzo lake ni hili. Wakati wa uchaguzi, jibu la kwanza linalotokea kwenye simu ni mwanzo wa safari tu. Kila jambo la hadhara lina mahali lilipozaliwa: matokeo huzaliwa kituoni, sheria huzaliwa Bungeni, na tangazo rasmi huzaliwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mpiga kura anaweza kuzunguka mitandao yote, lakini mwishowe arejee kwenye chimbuko.

Safari hiyo huanza mapema, kwa jina la mpiga kura mwenyewe. Mnamo Juni 2021, Msajili wa Vyama vya Kisiasa alipowawezesha wananchi kukagua uanachama wao kupitia eCitizen, Wakenya wengi walishangaa kujikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Wasingelijua hilo kwa kusoma maoni ya watu mtandaoni. Walilijua kwa kuitazama rekodi yenyewe.

Vivyo hivyo kwa sajili ya wapiga kura. Kabla ya uchaguzi wa 2022, mpiga kura aliweza kuthibitisha jina na kituo chake kwa ujumbe mfupi kwenda 70000 au kupitia tovuti ya Tume. Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hivyo ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Aliyehama kutoka eneo bunge moja hadi jingine anahitaji kuomba kuhamishiwa kituo kipya mapema. Asiyekagua hugundua tatizo asubuhi ya uchaguzi akiwa kwenye foleni, wakati ambapo hakuna karani anayeweza kumsaidia.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Kukagua sajili huhitaji nambari ya kitambulisho. Viungo vinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp vikidai kukagua jina huweza kuwa mitego ya kukusanya nambari za watu. Kabla ya kutuma chochote, nambari au tovuti inayotumika wakati huo ithibitishwe katika ofisi ya Tume ya eneo bunge.

Hatua ya pili ni kumjua mgombea. Wengi huandika jina lake kwenye simu, na mara nyingi ukurasa wa kwanza au wa pili kutokea ni wa Wikipedia. Kamusi elezo hii ina manufaa, mradi msomaji ajue namna inavyoandikwa. Huhaririwa na watu wa kujitolea, na kurasa nyingi huweza kubadilishwa na yeyote, wakiwemo wafuasi wa mgombea na mahasimu wake. Hata hivyo, ina uwazi ambao kijikaratasi cha kampeni hakina. Sehemu ya historia ya ukurasa huonyesha kila badiliko, pamoja na siku na saa lilipofanywa. Ukurasa uliobadilishwa mara nyingi katika juma moja la kampeni usomwe kwa uangalifu. Nambari ndogo zilizo mwishoni mwa sentensi huelekeza kwenye vyanzo. Sentensi inayomsifu au kumtuhumu mtu bila chanzo isibebwe hadi barazani. Na msomaji wa toleo la Kiswahili akumbuke kwamba toleo hilo lina makala machache kuliko la Kiingereza. Kukosekana kwa habari fulani humo hakumaanishi kwamba haikutokea.

Siku hizi pia kuna majibu yanayotungwa na akili mnemba, ambayo huja kwa lugha tamu na ya kujiamini. Utamu wa lugha si uthibitisho. Jibu la namna hiyo likitaja tarehe ya uchaguzi, sifa za mgombea au matokeo, lilinganishwe na tangazo la Tume au sheria yenyewe kabla ya kuaminiwa.

Hatua ya tatu ni kupima ahadi, na hapa chombo bora zaidi cha rejea ni Katiba ya 2010. Inapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako pia kuna sheria za nchi na hukumu za mahakama. Mpiga kura mwenye dakika tano afungue Jedwali la Nne. Hapo majukumu yamegawanywa. Hospitali na zahanati za kaunti, elimu ya chekechea, barabara za kaunti, masoko na uzoaji taka ni kazi ya kaunti. Polisi, vyuo vikuu na barabara kuu za kitaifa ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Walimu wa shule za msingi na za upili za umma huajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu.

Mgombea ugavana akisimama jukwaani na kuahidi kuajiri walimu wa shule za upili, mpiga kura aliyesoma Jedwali hilo ana haki ya kuuliza: kwa mamlaka gani? Anayetaka uwakilishi wa wadi akiahidi kujenga barabara kwa mkono wake, aulizwe atakavyoitetea katika bajeti, kwa sababu kazi ya bunge la kaunti ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Swali la namna hiyo halimvunjii mgombea heshima. Humsaidia aliye makini kueleza, na humbaini anayeahidi asichoweza.

Kwa wanaotetea viti vyao, rekodi zipo. Kumbukumbu rasmi za Bunge huonyesha nani alisema nini. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchapisha ripoti kuhusu hesabu za kaunti zote 47, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za jinsi kaunti zinavyotumia fedha. Kaunti hii haikuachwa nje ya ripoti hizo, na wakazi wanahimizwa kuzisoma. Hati isiyopatikana mtandaoni inaweza kuombwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma muda usiozidi siku 21 kujibu ombi kama hilo.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye joto kubwa: usiku wa matokeo. Kura huhesabiwa kituoni, na nakala ya matokeo hubandikwa kwenye mlango wa kituo. Mwezi wa Juni 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa kituoni ni ya mwisho, na hayawezi kubadilishwa na ofisi nyingine ya Tume isipokuwa kwa njia ya mahakama. Kwa hivyo karatasi iliyo mlangoni ina uzito kuliko ujumbe wowote wa kusambazwa. Mwananchi anaweza kuisoma, kisha kuilinganisha na picha iliyo kwenye tovuti. Aangalie jina la kituo, idadi ya waliosajiliwa, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, na sahihi za msimamizi na maajenti. Mwaka 2022 hakuna kituo kilichopangiwa zaidi ya wapiga kura 700. Picha inayodai kwamba mtu alipata kura 900 katika kituo kimoja mwaka ule hujikanusha yenyewe.

Ulinganishaji huu ulifanyika hata katika Mahakama ya Juu. Fomu za tovuti zilipopingwa mwaka 2022, mahakama iliagiza zichunguzwe dhidi ya fomu halisi. Katika uamuzi wa tarehe 5 Septemba, ilisema haikupata tofauti kubwa ambazo zingeathiri matokeo. Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 1 Septemba 2017, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imebatilisha uchaguzi wa urais, zikiwemo sababu zinazohusu jinsi matokeo yalivyopokelewa na kutangazwa. Mara zote mbili, hoja zilirudi kwenye fomu.

Kuna sababu ya kusisitiza haya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Wapo wakazi wanaokumbuka ni jirani yupi aliyehama usiku na hakurudi. Mwezi wa Januari 2008, Wakenya kadhaa walianzisha tovuti waliyoiita Ushahidi, ili mashuhuda watume habari za ghasia na zionekane kwenye ramani. Mtandao ule ule unaoweza kueneza uvumi ulitumiwa kukusanya ushahidi. Tofauti iko kwa anayeushika.

Si kila mkazi ana simu ya intaneti au bando. Mzee mwenye simu ya kabambe hupata habari kwa mdomo wa mjukuu wake. Kwa hivyo kijana anayesoma kwa niaba ya wengine amebeba amana. Anaposema, “Nyanya, mtandao unasema hivi,” aongeze ni ukurasa upi, umeandikwa na nani, na lini. Asipojua, aseme hajui. Nyanya naye ana haki ya kumuuliza, kwa maana kuuliza si ujinga.

Wale majirani wawili wa kibanda cha chai wataketi tena pamoja mwezi wa Agosti 2027, na huenda simu zao zikaonyesha tena jumla mbili. Mmoja wao akisema, “Hebu tufungue fomu ya kituo cha hapa tuone,” chai itanyweka ingali moto.