Samaki Aliyeumwa na Mwenzake

Mahubiri ya asubuhi, kartie Lumumba, Bunia. Somo: Luka 10:25-37



Leo tunaanzia nyuma ya nyumba. Katika parseli yetu tuna bwawa dogo la simenti, tunafuga tilapia. Asubuhi moja tulikuta jike mmoja amejitenga kwenye pembe, mapezi yameraruka, magamba yamebanduka ubavuni. Hakuumizwa na ndege wala paka. Aliumwa na dume wa bwawa lile lile.

Wafugaji wanalijua jambo hili. Dume wa tilapia akitaka kuzalisha, anajichagulia mahali chini, anachimba shimo kama sahani na kulilinda. Jike asiye tayari anafukuzwa na kuumwa. Katika Ziwa Albert, kule Tchomia na Kasenyi, anakimbia zake, maji ni mengi. Katika bwawa dogo atakimbilia wapi? Anaweza kuumwa mpaka afe.

Jirani alituambia: "Pasta, huyo ni wa sufuria." Lakini alikuwa jike wa kuzaa, tuliyemtegemea kwa vifaranga. Tukaamua kumtunza. Tulilowesha mikono kwanza, maana mwili wa samaki una ute unaomlinda, na mkono mkavu unauondoa. Tukamweka peke yake katika beseni kubwa, lenye maji safi yasiyo baridi kuliko yale ya bwawa. Ninyi mnaotumia maji ya bomba yenye dawa ya klori, yaacheni wazi siku nzima kwanza. Tukatia chumvi gramu 2 kwa kila lita, yaani kama vijiko viwili vya mezani kwa ndoo ya lita 20. Tukafunika nusu ya beseni ili apate kivuli cha kujificha. Chakula tulimpa kidogo, kwa sababu mabaki yanaoza. Kila siku tulibadilisha sehemu ya maji kwa maji mengine yenye chumvi ya kipimo kile kile, tukitazama kama kidonda kinaota kitu cheupe kama pamba. Hiyo ni kuvu, nayo hupenda maji machafu.

Siku ya nne alikula vizuri. Tukafurahi, tukasema amepona, tukamrudisha bwawani. Hapo tulikosa. Kabla ya jua kuzama, dume alikuwa amemrarua tena, kidonda juu ya kidonda.

Usiku ule mama mchungaji alisema: "Papa, hivi ndivyo tulivyomtendea yule dada."

Tulinyamaza, kwa sababu ni kweli. Miaka iliyopita dada mmoja alikuja kwetu uso umevimba, amepigwa na mume wake. Tulifunga na kumwombea siku tatu. Akala, akacheka. Tukamwambia: "Rudi nyumbani, Mungu amejibu." Mume hatukumwita. Hatukuuliza ni kitu gani kimebadilika kule nyumbani. Alirudi kwetu mara ya pili, mkono umevunjika. Tumemwomba msamaha, na leo tunaungama mbele yenu. Tulimtunza aliyeumwa, lakini bwawa hatukuligusa.

Mtazameni yule Msamaria. Alifunga vidonda kwa mafuta na divai, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kupita tena. Hakumsimamisha kesho yake arudi peke yake katika njia ile ya Yeriko yenye wanyang'anyi.

Kwa hiyo tulianza upya. Tulimrudisha jike katika beseni, na safari hii tulingoja majuma, mpaka kidonda kilipofunga na mapezi yakaanza kuota. Wakati huo tulilitengeneza bwawa. Tulimtoa dume. Tulihamisha mawe, tukaweka matofali yenye matundu ili mdogo apate pa kujificha. Jike alirudi jioni, dume akiwa bado nje. Dume aliingia wa mwisho, baada ya siku kadhaa, akakuta mahali alipopazoea si pake tena. Tulimwangalia. Angeuma tena, angetoka. Leo jike yule anaishi, amezaa, ingawa pezi la mgongo lina pengo.

Wazee wa kanisa, mama zetu, vijana: aliyeumizwa akija, mpelekeni kwanza hospitali, mpeni mahali salama, msimhesabie siku. Kisha mwiteni aliyeumiza, na kama ni jambo la sheria, lifike kwa wenye sheria. Dada anaweza kusamehe leo akiwa bado nyumbani kwa mama yake. Msamaha wake haumlazimishi kulala usiku huu karibu na ngumi ile ile. Na ndugu zetu waliokimbia vijiji vya Djugu na Irumu, wanaokaa kati yetu hapa Bunia, tusiwaulize kila Jumapili watarudi lini. Tuwaulize wamekula nini.

Na wewe papa unayepiga nyumbani kisha unaimba kanisani: mlango wa toba uko wazi. Njoo kwetu wiki hii, kabla mke wako hajaja na mkono uliovunjika.

Tuombe. Baba, utusamehe haraka yetu. Uwafunge vidonda waliopondeka, utupe uvumilivu wa kungoja pamoja nao, na ujasiri wa kutengeneza nyumba wanamorudi. Kwa jina la Yesu. Amina.